Furere Gillet na bustani ya Kisantu

Wengi wetu huku mashariki hatujafika Kisantu. Ni mbali, mu Kongo Central, kilomita karibu 120 toka Kinshasa, kwa barabara ya Matadi. Kule kuko bustani ya mimea ya hektari zaidi ya 200, na kila mutu anaweza kuingia kutembea. Toka mwaka 2004 inatengenezwa upya kwa musaada wa Umoja wa Ulaya na bustani ya Meise ya Ubelgiji: njia, miti, nyumba, pamoja na ile ya kuchunga mimea iliyokaushwa. Mwenye kuianzisha ni Justin Gillet.

Alizaliwa Paliseul, Ubelgiji, mwaka 1866. Kwa Wayezuiti aliingia kama furere, hakuwa padri. Misa hakusoma, kazi yake ilikuwa ya mikono. Alifika Kongo mwaka 1893. Misioni ilihitaji chakula, njo maana alianza na mboga na miti ya matunda, akijaribu mimea ya ngambo aone gani itakubali udongo wetu. Bustani yenyewe inahesabiwa toka mwaka 1900.

Lakini jina lilimufika kwa mimea ya pori. Alikata matawi, akayabana ndani ya karatasi mpaka yakauke, akatuma Ulaya. Mwaka 1900 De Wildeman na Durand walianza kutoa maandishi juu ya mimea aliyotuma. Kundi moja la miti, Gilletiodendron, linabeba jina lake mpaka leo.

Kuko upande mwingine, na wenye kusifu bustani wanaupita mbio. Wayezuiti wa Kisantu waliweka watoto mu mashamba yao ya vijijini, wakiwaita yatima. Tume ya uchunguzi, ile iliyotumwa na Leopold II mwenyewe, iliandika mwaka 1905 kwamba wengi hawakuwa yatima kweli, na walilima bila mushahara. Ugonjwa wa malale nao uliua watu wengi sana pale. Bustani ilikomalia ndani ya misioni ile. Nani alibeba vile vifurushi? Nani alimuonyesha furere muti gani unaponya nini, na unaitwaje kwa Kikongo? Mimi nafikiri hao pia ni waanzilishi, hata kama hakuna muti wenye jina lao.

Gillet alikufia Kisantu mwaka 1943, miaka 50 kisha kufika Kongo.

Sasa ile nyumba ya mimea iliyokaushwa. Mutu anaweza kuona ni karatasi tu. Lakini kila karatasi inasema muti ule ulikuwa wapi, mwaka gani, na pori lile pengine leo ni makala. Ikiingia maji au wadudu, imekwisha. Kwa hiyo paa zuri pale si urembo.

Karatasi nyingi za zamani za Kongo ziko Meise. Siku hizi zimepigwa picha na kuwekwa ku intaneti, hata mwanafunzi wa komini Kenya anaweza kuzifungua ku telefone yake, kama umeme uko.