Dick Tiger: Muuza chupa wa Aba aliyetwaa dunia, kisha mpaka ukamkuta njiani

Kabla ya mikanda ya ubingwa wa dunia, kulikuwa na chupa tupu. Katika soko la Aba, mashariki mwa Nigeria, kijana mmoja mfupi mwenye mabega mapana alizinunua na kuziuza tena. Ni biashara ambayo msomaji wetu anayeshinda sokoni anaielewa bila kuelezwa: mtaji mdogo, faida ya senti, na mzigo unaovunjika ukilazwa vibaya.

Wazazi wake walimwita Richard Ihetu. Alikuwa Mwigbo, mzaliwa wa Amaigbo, Agosti 14, 1929. Ulingoni aliitwa Dick Tiger. Ndondi alijifunza kwenye klabu za maofisa wa jeshi la Uingereza, akaanza kupigana kwa malipo mwaka 1952. Wapinzani wake wa siku hizo walikuwa na majina kama Easy Dynamite na Super Human Power, majina ambayo bila shaka yaliuza tiketi kuliko ngumi zenyewe.

Mwaka 1955 alivuka bahari hadi Liverpool kutafuta soko kubwa zaidi. Mwanzo ulikuwa mbaya. Alipoteza mapambano yake manne ya kwanza Uingereza, na ili ale alifanya kazi kwenye kiwanda cha rangi. Mtu mwingine angepanda meli kurudi nyumbani. Tiger alikaa. Mnigeria mwenzake, Hogan Bassey, naye alikuwa Liverpool, na mwaka 1957 Bassey akawa bingwa wa dunia wa uzito wa unyoya. Mwaka huohuo Tiger alimchapa Terry Downes, kijana wa London ambaye baadaye angekuwa bingwa wa dunia. Machi 1958 alimwangusha Pat McAteer katika raundi ya tisa, tena palepale Liverpool, akatwaa ubingwa wa Dola ya Uingereza wa uzito wa kati. Mwaka uliofuata alihamia Marekani.

Hakuwa bondia wa madoido. Alisonga mbele tu, kidevu chini, akiachia ngumi ya kuzungusha ya mkono wa kushoto hadi mpinzani achoke kurudi nyuma. Hivyo ndivyo alivyomshinda Gene Fullmer huko San Francisco, Oktoba 1962, kwa pointi baada ya raundi 15, na kuwa bingwa wa dunia. Walirudiana Las Vegas wakatoka sare. Pambano la tatu, Agosti 10, 1963, lilipelekwa Ibadan, katika uwanja wa Liberty. Nigeria ilikuwa huru kwa karibu miaka mitatu tu na haikuwahi kuandaa pambano la ubingwa wa dunia. Baada ya raundi ya saba, Fullmer hakurudi tena katikati ya ulingo. Ibadan ni mji wa Wayoruba, lakini usiku ule hakuna aliyeuliza bingwa ni wa kabila gani. Mwaka huohuo Uingereza ilimpa nishani ya MBE.

Desemba 1963 Joey Giardello alimnyang'anya mkanda. Tiger alisubiri karibu miaka miwili kupata nafasi ya kurudiana, akaurejesha Oktoba 1965 kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Miezi sita baadaye Emile Griffith aliuchukua kwa pointi. Akiwa na miaka 37, wengi wakimwona amekwisha, alipanda hadi uzito wa kilo 79 kupambana na wanaume waliomzidi kimo, na Desemba 1966 alimshinda José Torres. Waliporudiana Mei 16, 1967, Tiger alishinda tena kwa tofauti ndogo, na mashabiki wa Torres wakarusha chupa na viti ukumbini. Kwa mtu aliyeanza maisha kwa kuuza chupa, huo ulikuwa mzaha mkali.

Wiki mbili baadaye, Mei 30, jimbo la mashariki lilijitangaza kuwa nchi: Biafra. Mwaka mmoja nyuma maelfu ya Waigbo walikuwa wameuawa kaskazini mwa Nigeria, na walionusurika walikimbilia mashariki. Julai vita vilianza.

Kwa gazeti kama hili, linalotetea mipaka iliyo wazi, si habari rahisi kuisimulia. Hata Mwalimu Nyerere, muumini mkubwa wa umoja wa Afrika, aliifanya Tanzania kuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 13, 1968. Tiger alikuwa ameshachagua upande. Alijiunga na jeshi la Biafra kwa cheo cha luteni, akawafundisha askari mazoezi ya viungo, na alipotoka kwenda kupigana nje alijitambulisha kuwa Mbiafra.

Fedha zake nyingi alikuwa amezirudisha nyumbani, akaziweka kwenye majengo. Mwenye duka angemsifu kwa hilo. Alikuwa mbahili wa anasa na mkarimu kwa familia. Lakini Januari 1968 Lagos ilibadilisha noti, na waliobaki na noti za zamani ndani ya Biafra walibaki na karatasi. Mei 24 mwaka huo, akihakikishiwa dola 100,000, Tiger alipanda ulingoni dhidi ya Bob Foster, jitu la zaidi ya futi sita. Foster alimlaza raundi ya nne. Ilikuwa mara pekee katika maisha yake kuhesabiwa hadi kumi. Septemba, Aba ikaanguka mikononi mwa majeshi ya Nigeria.

Aliendelea kupigana kwa sababu alihitaji pesa. Akiwa karibu na miaka 40 alimshinda Nino Benvenuti, bingwa wa dunia wa uzito wa kati wakati huo. Mwishoni mwa 1969 aliirudisha MBE kwa njia ya posta kwa balozi wa Uingereza mjini Washington, akipinga silaha ambazo London iliiuzia Nigeria. Karani wa posta alipouliza thamani ya kifurushi, Tiger alimjibu kuwa hakina thamani yoyote.

Biafra ilisalimu amri Januari 15, 1970. Waigbo waliokuwa na akiba benki walilipwa pauni 20 kila mmoja, awe alikuwa na mia au elfu kumi. Julai mwaka huo Tiger alipoteza kwa Griffith na hakupigana tena. Bingwa wa zamani akaajiriwa kuwa mlinzi katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, akisimama karibu na picha za thamani kubwa kuhakikisha hakuna anayezigusa.

Akiwa kwenye kazi hiyo aligunduliwa na saratani ya ini. Kurudi Nigeria hakukuwa jambo la hakika kwa mtu aliyevaa sare ya Biafra, lakini habari za ugonjwa zilipofika Lagos, mlango ulifunguliwa. Alifariki Aba, Desemba 14, 1971, akiwa na miaka 42, katika mji uleule alikowahi kuuza chupa.