Mwezi Gisabo, mwami aliyeshika msimu wa mtama

Mfanyabiashara anayeingia Bujumbura akitokea Kavimvira au Manyovu hukutana na jina la Mwezi Gisabo kwenye kibao cha barabara, akapita. Ana mzigo, ana haraka. Jina hilo ni la mwami aliyetawala Burundi kwa zaidi ya nusu karne, kuanzia miaka ya 1850 hadi alipofariki mwaka 1908. Watoto shuleni hufundishwa kwamba alipigana na Wajerumani, na ni kweli alipigana nao. Jambo ambalo halitajwi sana ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu zake ilikuwa ndani ya mtungi wa pombe.

Alikuwa mwana wa Ntare Rugamba, mwami aliyepanua nchi kuliko wote waliomtangulia. Baba alipokufa, Mwezi alikuwa bado mtoto, na kaka yake mkubwa Ndivyariye akashika madaraka kwa niaba yake. Ilivyo kawaida ya wasimamizi wa mirathi, Ndivyariye hakuona haraka ya kuachia. Kijana alipokua, wakakosana, zikaja vita, na Mwezi akabaki na ngoma. Uadui kati ya kizazi chake na kizazi cha kaka yake uliendelea muda mrefu baada ya wote wawili kuzikwa.

Kuhusu kuzaliwa kwake, Warundi walikuwa na imani moja iliyowahusu wafalme wote: mtoto atakayekuwa mwami huzaliwa ameshika mbegu mkononi. Msomaji anaweza kucheka, lakini afikirie imani hiyo inasema nini. Mfalme hakutambulishwa kwa upanga wala kwa dhahabu. Alitambulishwa kwa mbegu, yaani kwa chakula na kinywaji cha mwaka unaokuja.

Hapo ndipo umuganuro unapoingia. Kila mwaka, karibu na mwezi Desemba, watunza siri wa ufalme, walioitwa abanyamabanga, walikusanyika kwa mwami. Ngoma kuu Karyenda ilitolewa, ngoma nyingine zikapigwa, na mwami akaonja mtama. Baada ya hapo ndipo nchi nzima iliporuhusiwa kupanda mtama mpya. Aliyepanda kabla ya mwami alikuwa amejitangaza mwasi. Mtama huo ulikaa shambani miezi sita hivi, ukavunwa wakati wa kiangazi, na sehemu yake kubwa haikuishia kwenye ugali. Iliishia kwenye impeke, pombe ya mtama.

Kazi ya impeke mara nyingi ilikuwa ya wanawake, na bado iko hivyo katika nyumba nyingi. Mtama hulowekwa, hufunikwa mpaka uote, kisha huanikwa juani ukauke. Hicho ndicho kimea. Kimea husagwa, unga wake hupikwa kwa maji, uji ukaachwa upoe, ukatiwa chachu ya pombe iliyotangulia na kuachwa uchemke wenyewe bila moto. Mpishi hodari hujua kwa harufu na kwa sauti ya mapovu kama mtungi umefika. Urwarwa, pombe ya ndizi, ina njia nyingine, na hiyo zaidi ni kazi ya wanaume: ndizi huivishwa shimoni siku kadhaa, hukandwa pamoja na nyasi ndani ya umuvure, ule mtumbwi wa mti, juisi ikachujwa, ikatiwa unga wa mtama uliokaangwa, ikafunikwa siku mbili tatu. Unaona kwamba hata pombe ya ndizi haikwepi mtama. Mwenye kushika msimu wa mtama ameshika mitungi yote miwili.

Wasomaji wetu wanaovuka mipaka wanazijua pombe hizi kwa majina mengine. Urwarwa ukivuka kwenda Rwanda unaitwa urwagwa, ukifika Kivu ni kasiksi, Kagera ni rubisi, Uganda ni tonto. Impeke nayo kwa Wanyarwanda ni ikigage. Mpaka umebadilisha jina, umuvure ni ule ule.

Katika Burundi ya Mwezi, pombe haikuwa ya starehe tu. Mitungi ilibebwa vichwani kwenda kwa machifu na kwa mwami kama kodi. Aliyetaka kuomba ng'ombe kwa tajiri alianza kwa kupeleka pombe, na aliyetaka mke vilevile. Waliopatana walikunywa kwa mirija ya matete, wote wakiuzunguka mtungi mmoja. Mwenye kutoa alionja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna sumu. Kwa lugha ya leo, mtungi ulikuwa mkataba na mrija ulikuwa saini. Tusipambe lakini: Watwa hawakupewa mrija mmoja na wengine. Walinyweshwa pembeni, na jambo hilo ni la kukumbukwa kila tunaposifu umoja wa mtungi.

Huku chini ziwani, mambo yalikuwa ya aina nyingine. Katika miaka ya Mwezi wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wamejenga makao Ujiji, na njia zao zilipanda hadi ncha ya kaskazini ya Tanganyika. Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858. Livingstone na Stanley walilala Mugere, kusini tu ya Bujumbura ya sasa, Novemba 1871. Chumvi ya Uvinza, shanga na nguo vilizunguka mwambao mzima, na pamoja navyo watumwa. Mkubwa wa biashara hiyo upande huu alikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kama Rumaliza. Aliishika Uvira na nchi ya Uzige, mahali ulipo mji wa Bujumbura, akajaribu kupanda milimani. Watu wa Mwezi walimrudisha, ingawa yeye alikuwa na bunduki nyingi na wao walikuwa na mishale na mikuki. Ndiyo sababu Burundi ya ndani haikuvunwa watumwa kama nchi jirani zilivyovunwa.

Wajerumani walikuwa wagumu zaidi. Walijenga boma Usumbura katika miaka ya mwisho ya 1890 na kumtaka mwami aje kujisalimisha. Hakuja. Kila walipopanda kumtafuta, alikuwa ameshahama na wenyeji hawakujua alikoelekea. Kilichomponza ni watu wa nyumbani. Kirima, aliyetokea kwa Bafulero ng'ambo ya Rusizi, alidai damu ya kifalme na kushika kaskazini-magharibi. Maconco, mkwe wa Mwezi mwenyewe, aliwaongoza Wajerumani. Kapteni Robert von Beringe, ambaye jina lake limebaki leo kwa sokwe wa milimani, alipanda mwaka 1903, akachoma na kuteka. Tarehe 6 Juni 1903 huko Kiganda, Mwezi alikubali masharti: faini ya ng'ombe 424, na Kirima na Maconco watambuliwe kuwa huru.

Kwa hesabu ya mtu wa sokoni, mwami alikuwa amefilisika. Lakini Kirima na Maconco walikuwa na bunduki tu. Karyenda haikuwa yao. Serikali ya Dar es Salaam haikupendezwa na Beringe, kwa sababu alikuwa amevunja ufalme ambao wao walitaka kuutumia, naye akaondolewa. Aliyekuja baadaye, von Grawert, aligeuza meza: Maconco aliuawa, Kirima akakamatwa na kupelekwa uhamishoni mbali kusini, na Mwezi akatambuliwa kuwa mfalme wa Burundi nzima. Ng'ombe hawakurudi. Nchi ilirudi.

Alifariki tarehe 21 Agosti 1908, mzee, mtama wa mwaka huo ukiwa umeshavunwa. Alimwachia kiti Mutaga Mbikije, kijana mdogo, akizungukwa na mama na ndugu wenye tamaa zao. Wafalme wa Burundi walizikwa Nkiko-Mugamba, karibu na msitu wa Kibira.

Umuganuro ulimpita umri kwa takriban miaka 20. Haukuzimwa kwa bunduki. Wabelgiji walikuwa wametwaa nchi, wamisionari waliona sherehe hiyo ni ushirikina, wakuu waliokuwa wamebatizwa wakaanza kuona aibu, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 ngoma zilinyamaza. Mwaka 1955 kiwanda cha bia kilifunguliwa Usumbura, ndicho Brarudi, na chupa ikaanza kushindana na mtungi. Urwarwa bado unashuka mjini kwa madumu kutoka milimani, na impeke bado inapikwa. Lakini mtama unaoingia humo umepandwa siku aliyoichagua mkulima mwenyewe, bila kumngoja mtu.