Robert Koch: alimnasa mdudu wa TB, akakwama kwenye dawa

Wadau wa Kyela na mwambao wote wa Ziwa Nyasa, ukikohoa wiki mbili mfululizo ukaenda hospitali, utapewa kikopo utemee makohozi. Wengi tunaona kinyaa. Lakini kile kikopo kina historia, na inaanzia kwa Mjerumani mmoja, Robert Koch.

Jamaa alizaliwa 1843 huko Clausthal, baba yake mtu wa migodini. Akasomea udaktari, akapangiwa wilayani Wollstein, mbali na vyuo vikubwa. Maabara hakuna. Akafanyia utafiti nyumbani kwake, panya akiwachoma kwa vijiti. Mwaka 1876 akathibitisha kuwa kimeta kinaletwa na bakteria.

Kubwa likaja Berlin, tarehe 24 Machi 1882. Zama zile wengi waliamini TB ni ya kurithi. Koch akatia rangi nyama ya mapafu yaliyougua, akaiweka kwenye darubini, vijidudu vikaonekana wazi. Tangu hapo kikohozi kikawa kinatafutiwa ushahidi: si ukoo wala kurogwa.

Sasa hapa ndo pagumu. Mwaka 1890 akatangaza dawa, tuberkulini. Wagonjwa wakamiminika. Haikuponya, na wengine walikufa. Ikaishia kuwa kipimo cha ngozi, ambacho kinatumika mpaka leo.

Na huku kwetu alifika. Wajerumani wakitawala mpaka Nyasa, yeye alikuwa Dar es Salaam 1897 na 1898 akichunguza malaria. Alirudi tena 1905, mwaka uleule aliopata Nobel. Mwaka 1906 akaenda visiwa vya Ssese, Uganda, kutibu malale kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Akapandisha dozi. Baadhi ya wagonjwa, Waafrika wenzetu, wakapofuka moja kwa moja. Alifariki 1910.

Virusi vya mafua na korona ni vidogo mno, darubini yake isingeviona. Siku hizi mashine inasaka vinasaba vyao. GeneXpert, kwa mfano, inapima TB na korona, unabadilisha katriji tu.

Mimi naona hivi: kipimo usikikimbie, maana TB inatibika na dawa ni bure. Ila dawa yoyote mpya iulizie, hata kama aliyeileta ni bingwa. Watu wa Ssese hawakupata nafasi ya kuuliza. Nyie mnasemaje?