Mbiyu Koinange: Msomi aliyepigania mtaala wa Mwafrika

KILA mara Wakenya wanapobishana kuhusu mtaala wa shule, iwe ni ule wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985 au ule wa umilisi ulioanza kujaribiwa mwaka wa 2017, swali huwa ni lile lile. Je, mtoto afundishwe nini, na ni nani mwenye mamlaka ya kuamua? Ni wachache wanaokumbuka kwamba enzi za ukoloni kuna msomi aliyelijibu swali hilo kwa kuanzisha chuo.

Msomi huyo ni marehemu Peter Mbiyu Koinange. Wengi humkumbuka kama waziri mwenye ushawishi mkubwa katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta. Hata hivyo, kabla ya siasa kumteka, Mbiyu alikuwa mwalimu.

Alizaliwa mwaka wa 1907 katika eneo la Kiambu, mwana wa Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu. Shule ya Upili ya Alliance ilipofunguliwa mwaka wa 1926, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza. Mwaka uliofuata alifunga safari ya kwenda Marekani, akajiunga na taasisi ya Hampton katika jimbo la Virginia.

Safari hiyo ilikuwa na kinaya chake. Hampton ilianzishwa mwaka wa 1868 ili kuwaelimisha Wamarekani weusi waliotoka utumwani, na ilisifika kwa mafunzo ya useremala, uashi, kilimo na kazi nyingine za mikono. Thomas Jesse Jones, aliyewahi kufundisha huko, ndiye aliyeongoza tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka wa 1924. Tume hiyo ilipendekeza elimu ya Mwafrika ifungamane na maisha ya kijijini: kilimo, usafi na ufundi. Mwaka wa 1925 serikali ya kikoloni ilifungua shule ya Jeanes huko Kabete kwa misingi hiyo.

Mawazo hayo hayakuwa mageni nchini. Ripoti ya Fraser ya mwaka wa 1909 ilikuwa imekwisha kupendekeza elimu igawanywe kwa misingi ya rangi, Mwafrika akitengewa mafunzo ya ufundi. Walowezi waliunga mkono mpango huo kwa kuwa walihitaji vibarua na mafundi wa bei nafuu, wala si mawakili na madaktari ambao wangedai haki sawa nao.

Mbiyu hakukomea katika elimu ya jembe na nyundo. Kutoka Hampton alijiunga na Chuo Kikuu cha Ohio Wesleyan, akapata shahada ya kwanza, kisha akaenda katika chuo cha walimu cha Columbia, New York, alikopata shahada ya uzamili. Chuo hicho kilikuwa mojawapo ya vitovu vya fikra mpya kuhusu mtaala duniani. Hutajwa kuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kabisa kufikia kiwango hicho cha masomo. Alisoma pia Uingereza kabla ya kurejea nyumbani mwaka wa 1938.

Alirejea wakati shule za kujitegemea zikiwa zimeenea katika nchi ya Agikuyu. Mzozo wa mwaka wa 1929 kati ya wamishenari na waumini kuhusu tohara ya wasichana ulikuwa umewafanya wazazi wengi kuwaondoa watoto wao katika shule za misheni na kujenga zao. Nyingi ziliunganishwa chini ya vyama viwili, KISA na Karing'a. Wazazi hao walitaka watoto wafundishwe Kiingereza mapema, kwa sababu waliona ndiyo lugha iliyofungua milango ya ajira na ya mashauri na serikali. Mwaka wa 1936 KISA ilikubali kufuata silabasi ya serikali na kukaguliwa.

Tatizo kubwa likabaki kuwa uhaba wa walimu. Madarasa yaliweza kujengwa kwa miti na udongo, lakini mwalimu aliyehitimu hakupatikana kwa harambee ya siku moja. Ndipo Januari 1939 Mbiyu, akisaidiwa na babake, alipofungua Chuo cha Walimu cha Githunguri na kuwa mkuu wake wa kwanza.

Chuo hicho kilitegemea mifuko ya wananchi. Michango ilikusanywa kwa kufuata marika, kila rika likishindania heshima ya kutoa zaidi ya jingine, nao akina mama wakachanga fedha za kujenga bweni la wasichana. Pamoja na kuwafunza walimu, Githunguri ilikuwa na madarasa ya watoto wadogo na ya wanafunzi wa ngazi za juu. Mtoto angeweza kupanda ngazi ya elimu bila kuondoka katika mikono ya jamii yake.

Si kwamba Mbiyu na wenzake walidharau kilimo au ufundi. Walichokataa ni mtaala uliokusudiwa kumwekea Mwafrika kikomo. Lakini chuo kilikuwa na udhaifu wake. Walimu hawakutosha, fedha hazikutosha, na wanafunzi walilazimika kufanya mitihani ile ile iliyotungwa kwa silabasi ya serikali. Aliyemiliki mtihani aliendelea kuushikilia mtaala.

Nguvu hiyo ilidhihirika wazi katika ripoti ya Beecher ya mwaka wa 1949, iliyoweka mtihani wa mchujo baada ya miaka minne tu ya shule. Wafuasi wa shule za kujitegemea waliipinga vikali, wakiamini ilinuiwa kuwafungia watoto wengi nje.

Wakati huo Mbiyu alikuwa amemwachia Kenyatta uongozi wa chuo, mwaka wa 1947. Mwaka wa 1951 alitumwa London pamoja na Achieng' Oneko kuwasilisha malalamiko kuhusu ardhi. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 alikuwa bado ng'ambo, naye babake alikamatwa. Shule za kujitegemea zilifungwa pamoja na Githunguri. Majengo yaliyojengwa kwa senti za wakulima yalitwaliwa na serikali, na Githunguri ikageuka mahali pa kuwanyongea waliohukumiwa kifo.

Mbiyu alirejea nchini wakati wa kuelekea uhuru. Kufikia mwaka wa 1965 alikuwa Waziri wa Elimu, wakati mapendekezo ya tume ya Profesa Simeon Ominde ya kukomesha ubaguzi wa rangi shuleni yakitekelezwa. Mwaka wa 1966 wizara hiyo ilipata waziri mwingine, naye akabaki karibu na Kenyatta hadi rais huyo alipofariki mwaka wa 1978. Uchaguzi wa mwaka wa 1979 ulimnyang'anya kiti cha Kiambaa, na akaaga dunia mwaka wa 1981.

Shule za harambee zilizochipuka baada ya uhuru zilifuata njia ile ile ya Githunguri: wazazi walichanga, wakajenga, kisha wakahangaika kutafuta walimu. Wazazi wanaouliza leo kama shule ya kijijini mwao ina walimu na vifaa vya mtaala mpya wanaendeleza hoja aliyoianza Mbiyu mwaka wa 1939.