Gregor Mendel: Mtawa wa Njegere na Somo la Selimundu kwa Kyela

Katika bonde la Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mkulima wa mpunga huchagua mbegu kwa makini akijua kwamba zao hufuata mbegu. Jambo hilo ndilo lililomshughulisha Gregor Mendel, aliyezaliwa mwaka 1822 katika familia ya wakulima huko Heinzendorf, kijiji ambacho leo kimo katika Jamhuri ya Czech.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Johann. Umaskini ulimtatiza masomoni hadi mwaka 1843, alipojiunga na monasteri ya Mtakatifu Thomas mjini Brno na kupewa jina la Gregor. Mwaka 1850 alishindwa mtihani wa ualimu, kisha akapelekwa kusoma Chuo Kikuu cha Vienna.

Kuanzia mwaka 1856 hadi 1863 alipanda maelfu ya miche ya njegere katika bustani ya monasteri. Alipochanganya aina ya mbegu za mviringo na aina ya mbegu zenye mikunjo, kizazi cha kwanza chote kilikuwa cha mviringo. Katika kizazi cha pili mikunjo ilirejea: mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, takriban tatu kwa moja. Akatambua kuwa kila mzazi hutoa kipengele kimoja cha sifa. Kilicho tawala hujionesha. Kilicho fiche hunyamaza hadi kikutane na mwenzake. Leo vipengele hivyo huitwa vinasaba.

Aliwasilisha matokeo hayo mwaka 1865, lakini wachache walimwelewa. Alifariki dunia tarehe 6 Januari, 1884, na kazi yake ikatambuliwa mwaka 1900.

Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionesha kuwa kinasaba kimoja cha selimundu humkinga mtoto kwa kiasi dhidi ya malaria. Ndiyo maana kinasaba hicho kimedumu katika maeneo ya malaria, yakiwemo ya joto na unyevu kama mwambao wa Nyasa. Wazazi wawili wenye kinasaba kimoja kila mmoja kwa kawaida huwa wazima, lakini kila ujauzito wao una uwezekano wa moja kati ya nne wa kuzaa mtoto mgonjwa.

Kwa hiyo, kumlaumu mama peke yake au kumtafuta mchawi hakuna msingi: urithi huo hutoka kwa wazazi wote wawili. Kipimo cha damu kabla ya ndoa huwafichulia wenza mapema kile ambacho macho hayawezi kukiona.