Bibi Titi Mohamed: Sifa Zikiondoka, Hubaki Nini?

Ukifika Dar es Salaam utapita barabara kubwa iitwayo Bibi Titi Mohamed. Je, wamjua mwenyewe?

Alizaliwa huko huko Dar mwaka 1926, binti wa Kiislamu. Alisoma chuo cha Qur'ani, kisha shule ya msingi basi. Watu walimjua kwa sauti yake, maana alikuwa muimbaji wa kikundi cha ngoma. Mwaka 1955, TANU ilipotafuta mama wa kuongoza wanawake, alichaguliwa yeye.

Hebu tazama alivyofanya kazi. Hakukaa ofisini kungoja watu. Aliwafuata kina mama kwenye vikundi vyao vya ngoma, akaongea nao lugha yao. Ni kama mtu aje hapa Kisii aanze na mama zetu wanaouza ndizi pale Daraja Mbili. Kwa miezi michache tu, zaidi ya wanawake 5,000 walijiunga. Uhuru ulipopatikana 1961, akawa mbunge, waziri mdogo, na mwenyekiti wa kwanza wa UWT mwaka 1962.

Sasa sikiliza, ndugu yangu. Mwaka 1965 alishindwa kiti cha Rufiji. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kupangisha nyumba. Yeye alikuwa nazo, hakukubali, akajiuzulu. Mwaka 1969 akakamatwa kwa kesi ya uhaini. Alikana, lakini 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha. Alipoachiwa kwa msamaha mwaka 1972, wale waliokuwa wakimshangilia hawakuonekana tena. Akaishi miaka mingi kimya. Heshima ilirudi taratibu, uzeeni.

Alifariki 5 Novemba 2000, wiki tatu tu kabla ya Ramadhan.

Dada yangu, wewe unayesema hujasoma vya kutosha kuongoza, umesikia? Na wewe kaka, unayejitolea kupika futari msikitini hapa Nyanchwa kisha ukanuna usipotajwa jina, jiulize unamfanyia nani. Watu husahau. Funga imetufundisha kazi isiyoonwa na mtu: ukiwa peke yako na maji mbele yako, hunywi, kwa sababu Allah anakuona. Basi na uongozi uwe hivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atutakabalie funga zetu. Amin.