William Fitzwilliam Owen na Himaya ya Mombasa

Katika Mji wa Kale wa Mombasa ipo nyumba iitwayo Leven House. Bara, magharibi mwa kisiwa, lipo eneo la Port Reitz. Majina haya mawili ni mabaki ya kipindi kifupi ambapo afisa mmoja wa jeshi la majini, William Fitzwilliam Owen, aliiweka Mombasa chini ya himaya ya Uingereza bila idhini ya serikali yake.

Owen alizaliwa Manchester mwaka wa 1774, akajiunga na jeshi la majini mwaka wa 1788 angali mvulana. Mwaka wa 1808 alitekwa na Wafaransa, akazuiliwa kisiwani Mauritius hadi mwaka wa 1810. Baadaye alipima Maziwa Makuu ya Kanada. Mwaka wa 1821 alikabidhiwa kazi ya kupima pwani za Afrika kwa merikebu mbili, Leven na Barracouta. Kufikia mwaka wa 1826 kazi ilipokamilika, zaidi ya nusu ya mabaharia aliotoka nao Uingereza walikuwa wamekufa, wengi wao kwa homa.

Alitia nanga Mombasa mwezi wa Februari, 1824. Wakati huo Wamazrui, watawala wa mji, walikuwa wakitishwa na Seyyid Said wa Oman, nao wakaomba ulinzi. Owen aliichukia mno biashara ya utumwa, hivyo akaliona ombi hilo kuwa njia ya kuikomesha. Alikubali kwa sharti kwamba biashara hiyo ipigwe marufuku na mapato ya forodha yagawanywe nusu kwa nusu. Alimwacha Luteni John James Reitz kuwa msimamizi. Naye akafariki kwa homa mwezi wa Mei mwaka uo huo.

Serikali ya London, hata hivyo, iliuthamini zaidi urafiki wake na Seyyid Said. Ilikataa kuithibitisha himaya hiyo, na bendera ikashushwa mwaka wa 1826. Wamazrui waliendelea kupambana peke yao hadi utawala wao ulipoanguka mwaka wa 1837.

Owen alianzisha makao ya Clarence kisiwani Fernando Po mwaka wa 1827, kisha akahamia Campobello, Kanada. Alipandishwa cheo kuwa makamu wa admirali mwaka wa 1854, akafariki Saint John, New Brunswick, tarehe 3 Novemba, 1857.

Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Deni hili lilichukuliwa na Owen, likakanwa na London, likalipwa na Wamazrui.